Nyumba Njema si Mlango: Kuusoma Msonge wa Wachagga

Utangulizi

Katika semina zetu za uhakiki tumezoea kuulizana swali moja: kazi hii ina fani gani, na maudhui yake ni yapi? Swali hilo tunaliuliza tukiwa na riwaya mkononi, au diwani, au tamthiliya. Hakuna aliyetukataza kuliuliza tukiwa tumesimama mbele ya nyumba, lakini hatuliulizi. Siku moja mwenzetu mmoja alidai kwamba watu wa milimani hawakuwa na usanifu wa majengo. Usanifu, alisema, uko pwani: Lamu na Unguja, kwenye milango ya nakshi na kuta za mawe ya matumbawe. Huku bara, eti, tulikuwa na vibanda vya majani tu. Watu wakacheka, semina ikaendelea. Nadhani tulicheka mapema mno.

Makala haya yanakusudia kuisoma nyumba moja, nayo ni nyumba ya msonge ya Wachagga, katika miteremko ya mlima Kilimanjaro. Nitaisoma kama matini, yaani kitu kilichotungwa na watu, kwa kanuni, kwa watu wengine wanaojua kukisoma. Hoja yangu kuu ni kwamba msonge ulikuwa na mpango madhubuti wa ndani, na kiini cha mpango huo kilikuwa mafiga. Hoja ya pili inatoka katika hiyo ya kwanza: historia ya nyumba Kilimanjaro katika karne ya ishirini ni historia ya kuhama kwa mafiga kutoka katikati ya nyumba kwenda uani. Aliyehama na mafiga hayo ni mama.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Basi tuingie ndani. Lakini kwanza tupite kwa majirani.

Nyumba zinazosema

Wanafunzi wa fasihi hatuna haki ya kusema kwamba nyumba haisemi. Riwaya ya Shafi Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), imeibeba nyumba tangu kwenye jina lake. Kasri lile ni zaidi ya mandhari. Lina mahali pa bwana na mahali pa watumishi, na Kijakazi, mtumishi anayemtii bwana wake mno, amefundishwa na nyumba yenyewe mahali pake ni wapi. Tukisoma riwaya ile tunaelewa kwamba ukuta unaweza kuwa mhusika.

Ulaya nako wana makasri yao ya mashambani. Kaskazini mashariki mwa Wales, karibu na mji wa Wrexham, ipo nyumba iitwayo Erddig ambayo ilianza kujengwa miaka ya 1680. Nyumba za aina hiyo ni nyingi huko, na kwa kawaida kuta zake hujaa picha za mabwana, mabibi na farasi wao. Erddig ni tofauti kidogo. Ukoo wa Yorke ulioimiliki ulikuwa na desturi ya kuwachora na baadaye kuwapiga picha watumishi wake, na kuwatungia beti juu yao. Mashimo ya makaa ya mawe yalipochimbwa chini yake nyumba ikaanza kudidimia, na mwaka 1973 mrithi wa mwisho akaikabidhi kwa shirika la hifadhi la Uingereza. Leo wageni wanaoingia humo huvutiwa na jiko, dobi na vyumba vya watumishi pengine kuliko sebule ya mabwana. Lakini tusidanganyike na beti zile. Mtumishi alitungiwa shairi, lakini aliendelea kupita mlango wa nyuma. Nyumba ilimsifu na kumtenga kwa wakati mmoja.

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi, tena ni wa majani kama wetu. Pale Kasubi, Kampala, Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga kasri mwaka 1882. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo humo, na kasri likawa kaburi. Paa lake ndani lina pete 52, ambazo ni koo 52 za Waganda. Yaani mtu akiinua macho anaisoma nchi nzima juu ya kichwa chake. Mwaka 2001 Kasubi iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba kuu ikateketea kwa moto, na kazi ya kuijenga upya ikachukua zaidi ya miaka kumi. Wale watu waliolia usiku ule hawakulilia majani na fito. Waliona matini yao inaungua.

Kwa hiyo nyumba inasema. Swali ni kama sisi tunasikia.

Fani ya msonge

Tuanze na umbo. Msonge hauna mstari unaotenga ukuta na paa. Miti mirefu huchimbiwa kwa duara, ncha zake hukutanishwa juu, kisha fito nyembamba huzungushwa pete juu ya pete na kufungwa kwa kamba za magome na za migomba. Nguzo za ndani huchukua uzito. Juu ya mifupa hiyo huezekwa majani, tabaka juu ya tabaka, tangu kileleni hadi karibu kugusa ardhi. Ukiutazama kwa mbali unafanana na mzinga au kichuguu kikubwa. Nyumba za namna hii zilijulikana hasa upande wa mashariki wa mlima, Rombo na Marangu na majirani zao. Kwingineko, kwa mfano upande wa magharibi, palikuwa na maumbo mengine pia, na si kweli kwamba mlima mzima ulijenga kwa kalibu moja.

Kwa nini umbo hilo? Mlima una mvua na baridi. Paa kali linalofika chini humwaga maji kabla hayajapenya, na ule mviringo hauna kona ya kushikwa na upepo. Hakuna dirisha. Mlango ni mmoja, mfupi, na mgeni anaingia ameinama. Wako wanaosema kuinama huko ni adabu kwa mwenye nyumba. Wako wanaosema ni ulinzi, kwa sababu adui aliyeinama hawezi kurusha mkuki. Mimi sioni haja ya kuchagua. Katika fasihi tunakubali kwamba ishara moja yaweza kubeba maana mbili, kwa nini tuinyime nyumba haki hiyo?

Sasa ndani. Macho yakizoea giza, kitu cha kwanza unachokiona ni moto. Mafiga matatu yapo katikati. Upande mmoja kuna kitanda cha miti, wanapolala mama na watoto. Upande mwingine ng'ombe wamefungwa, na mbuzi wana mahali pao. Juu ya moto kuna dari ya fito linalobeba kuni, ndizi zinazokaushwa, ulezi, mahindi na vyombo. Moshi unapanda, unapita darini, unakausha nafaka na kufukuza wadudu, kisha unajipenyeza taratibu katikati ya majani. Ukiwa nje asubuhi unaona nyumba nzima inafuka mvuke kama chungu. Moshi huo huo ndio unaofanya majani ya paa na kamba zisiliwe upesi na wadudu. Moto ukizimika kwa muda mrefu, nyumba yenyewe inaanza kuoza. Hilo si fumbo la mshairi, ni ufundi wa ujenzi: msonge ni nyumba inayoishi kwa kupikiwa.

Na ng'ombe je? Mgeni huona uchafu. Mwenyeji anaona hesabu. Miteremko imejaa migomba na hakuna malisho ya wazi, kwa hiyo ng'ombe hulishwa ndani. Wanawake walishuka hadi nyika za chini kukata majani na kuyapandisha vichwani, mwendo wa saa nyingi. Majani yakawa maziwa na samadi, samadi ikaenda kwenye migomba, mgomba ukatoa ndizi za chakula na za pombe, na maganda na majani ya mgomba yakarudi kwa ng'ombe. Ng'ombe pia walitia joto ndani ya nyumba usiku wa baridi. Ukitaka kuielewa fani ya msonge, basi, usiishie kwenye duara la miti. Kuna duara la pili, la majani, maziwa, samadi na ndizi, na katikati ya maduara yote mawili yuko mwanamke.

Nyumba hiyo haikusimama peke yake. Ilikaa katikati ya kihamba, chini ya migomba, ikizungukwa na ua la masale. Isale ni mmea wa mpaka, na zaidi ya mpaka: ni mmea wa kuombea msamaha na wa kuwakumbuka waliotangulia. Karibu yake ulipita mfongo, mfereji ulioletwa kutoka korongoni kwa kazi ya ukoo mzima. Na penye hatari, nyumba ilikuwa na mkia chini ya ardhi. Mahandaki yanayoonyeshwa Marangu na Mamba yalichimbwa ili watu na mifugo wajifiche wakati wa uvamizi. Ukisoma nyumba bila kihamba, mfongo na handaki, umesoma ukurasa mmoja ukadhani umemaliza kitabu.

Maudhui: nyumba hii inamsema nani?

Hapa wahakiki wenzangu watauliza: mwandishi wa matini haya ni nani? Hana jina. Lakini hata ngano hazina, na hatujakataa kuziita fasihi. Nyumba ilijengwa na ndugu na majirani, kwa kanuni walizorithi, na kila fundi aliongeza mkono wake. Ni utungaji wa jumuiya, kama utanzu wowote wa fasihi simulizi. Tena ina tabia nyingine ya fasihi simulizi: haidumu isipotungwa upya. Paa lisipoezekwa upya kila baada ya muda, kazi inapotea.

Dhamira ya kwanza ni uzazi na urithi. Kila mke alikuwa na nyumba yake, mafiga yake na ng'ombe aliowatunza. Mume alikuwa na haki ya kuingia, lakini nyumba ilijulikana kwa mama. Kwa desturi mtoto wa kwanza alisaidiwa na baba kupata kihamba chake, na kitinda mimba akabaki na nyumba ya wazazi ili awatunze. Wa katikati wakahangaika. Mtaalamu Sally Falk Moore, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya sheria za kimila Kilimanjaro, ameonyesha jinsi ardhi ilivyopungua na kuifanya desturi hiyo iwe chanzo cha ugomvi wa ndugu. Mwenye kutaka mgogoro wa tamthiliya asiende mbali. Uko kwenye mpaka wa masale kati ya kaka na kaka.

Dhamira ya pili ni wafu. Kabla Ukristo haujashika mizizi, mtu mzima mwenye watoto alizikwa ndani ya nyumba, chini ya sakafu ile ile wanayolala walio hai. Baadaye mifupa ilifukuliwa ikapelekwa kihambani, penye masale. Kasubi ilifanya jambo hilo kwa mfalme. Huku mlimani lilifanywa kwa mwenye nyumba wa kawaida. Nyumba haikuwa makao ya kizazi kimoja tu. Na hapo tunaelewa kwa nini mpaka leo Mchagga aliyefia Dar es Salaam, Mwanza au ng'ambo husafirishwa kurudi kihambani. Sakafu imebadilika, lakini sarufi ni ile ile.

Dhamira ya tatu ni utajiri, na hapa msonge unatofautiana kabisa na Kasri ya Fuad na Erddig. Kasri hutangaza utajiri kwa sura yake: ngazi, nguzo, madirisha. Msonge wa tajiri na wa maskini zilifanana kwa mbali. Tofauti ilikuwa gizani: idadi ya ng'ombe, na idadi ya nyumba za wake. Tena tajiri hakuwaweka ng'ombe wote kwake. Aliwagawa kwa wengine wamtunzie, wao wapate maziwa na samadi, yeye abaki na mali. Hivyo wavamizi wasingeweza kuwachukua wote kwa usiku mmoja, wala jirani asingejua hesabu kamili. Fani moja, maudhui tofauti.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba palikuwa na usawa. Mangi alikuwa na nguvu ya kuwaita watu kazini, na wengine walijenga kwa namna ya kutisha. Mangi Sina wa Kibosho alikuwa na ngome ya mawe, na Wajerumani waliivamia kwa bunduki na mizinga mwaka 1891. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine. Hata ndani ya msonge wa kawaida mama aliyekuwa kiini cha nyumba hakuwa mwenye ardhi. Kihamba kilipita kwa wanaume, na mjane alikaa kwa kivuli cha mwanawe. Huo ndio utata mkubwa wa matini haya: mhusika mkuu hana haki ya hatimiliki. Mhakiki anayeusifu msonge akalisahau hilo anatunga wimbo wa kumbembeleza mtoto.

Kuhama kwa mafiga

Wazungu wa kwanza waliopanda hadi huku, tangu Johannes Rebmann aliyeiona theluji mwaka 1848, walisifika kwa habari za mlima. Nyumba zilikuwa jambo la pembeni. Baadaye wakaja wakaaji. Wamisionari Wakatoliki walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig walianza kazi yao mwaka 1893. Wote walileta Injili na vilevile walileta pembe nne. Shule ilikuwa na pembe nne, kanisa pembe nne, nyumba ya mwalimu pembe nne na dirisha. Kijana aliyesoma alipooa hakutaka kuinama mlangoni.

Kuna kinaya hapa. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Kilimanjaro kwa vipindi kati ya mwaka 1902 na 1938, aliandika maelfu ya kurasa juu ya mila za Wachagga na kutetea ukoo, ujirani na rika kama msingi wa kanisa lenyewe. Aliyapenda yale mahusiano yaliyokaa ndani ya msonge, huku misheni ikifundisha nyumba isiyoweza kuyabeba. Mwenyeji naye hakunyamaza. Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle alitoa kitabu chake Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Angalia kwamba alikiandika kwa Kiswahili, tena yeye ni mtu wa ukoo wa kitawala. Inashangaza kwamba kwenye orodha zetu za usomaji kitabu hicho ni nadra kukutana nacho.

Lakini dini peke yake isingeweza kuubomoa msonge. Ilihitaji fedha, na fedha ilikuja kwa kahawa. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Chama cha wakulima wenyeji, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925, na KNCU ikachukua nafasi yake mwaka 1933. Kahawa ilipandwa chini ya migomba, katika kihamba kile kile, na malipo yake yakanunua bati. Huku upande wa pili vifaa vya msonge vilizidi kuadimika. Mashamba makubwa ya walowezi na kilimo cha mahindi vilikula nyika za majani, na msitu ukawekewa mipaka. Ule ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 kwa matumizi ya wenyeji haukuweza kutosheleza watu waliokuwa wakiongezeka. Kwa hiyo tusimlaumu babu kwamba aliutupa utamaduni. Alipiga hesabu. Bati haliezekwi upya kila mara, na huteka maji ya mvua.

Tatizo ni kwamba bati halipumui. Moshi uliokuwa ukipenya katika majani sasa ukagonga chuma ukarudi machoni. Kuta zilizopakwa chokaa zikawa nyeusi. Suluhisho likawa moja: jiko litoke nje. Likajengewa kibanda uani, cha mbao au cha udongo. Ng'ombe nao wakatolewa wakapewa banda. Wafu walikuwa wametoka tayari, kwa agizo la kanisa na la serikali, wakapewa makaburi pembeni, siku hizi ya saruji na vigae. Ndani ya nyumba kukabaki nini? Sebule. Viti vya kochi vyenye vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo visivyotumika, picha ya harusi, kalenda ya kanisa. Mahali pa mgeni pakawa katikati. Mahali pa mama pakawa nyuma.

Haya ndiyo mapinduzi ninayotaka tuyaone. Katika msonge, mgeni akiingia anakutana na moto, na mwenye moto ni mama. Katika nyumba ya bati na saruji, mgeni anapokelewa na baba sebuleni, na chai inatokea mlango wa nyuma. Bila mtu yeyote kukusudia, tumeazima kwa nyumba za mabwana ule mpango wa Erddig na wa kasri la Fuad: mbele heshima, nyuma kazi. Tofauti ni kwamba anayepita mlango wa nyuma hapa si mtumishi wa kuajiriwa. Ni mama mwenye nyumba.

Najua jibu la wapinzani. Watasema msonge ulikuwa na moshi unaoharibu macho na mapafu, na kulala na mifugo si afya. Ni kweli. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilihimiza watu kupambana na malaria, kuhara, minyoo, kichocho na kifua kikuu, na hakuna mwenye akili anayetaka kuturudisha kwenye giza lile. Muulize bibi yeyote aliyelelewa katika msonge; atakuambia hautamani ule moshi. Lakini mwulize tena: jiko la uani lina moshi mdogo? Mara nyingi ni kibanda chembamba, kisicho hata na dari la kuupokea moshi, na anayeuvuta ni yule yule. Nyumba imepona ugonjwa, mpishi bado.

Jambo hili lina upande wake wa sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zinamtambua mwanamke kama mtu anayeweza kumiliki. Hilo msonge haukumpa. Basi tumefika mahali pa ajabu: zamani mama alikuwa na kiini cha nyumba bila haki ya ardhi, leo ana haki kwenye karatasi, lakini nyumba imemweka uani. Yeyote atakayejenga nyumba inayompa vyote viwili atakuwa ametunga kazi mpya kweli.

Je, tuuweke makumbusho?

Marangu leo upo msonge wa kuonyesha watalii. Unalipa, unainama, unaelezwa, unapiga picha, unatoka. Sikatai kazi hiyo. Imewapa watu riziki, na imetunza umbo ambalo pengine lisingeonekana tena. Jijini Dar es Salaam nako, tangu miaka ya 1960, Kijiji cha Makumbusho kimekusanya nyumba za jamii mbalimbali, tembe ya Wagogo na msonge wa Wahaya zikiwemo. Ni shule nzuri.

Lakini nyumba ya kuonyesha haina moto. Nimekwisha kusema kwamba msonge bila moto huanza kuoza, na makumbusho inalazimika kupambana na hilo kila mwaka. Tunahifadhi fani huku maudhui yametoka. Halafu tazama tunavyochagua cha kuhifadhi. Mlima wenyewe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1987. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Theluji imetambuliwa, migomba imetambuliwa. Ile nyumba iliyoiunganisha migomba na ng'ombe na watu inabaki kuwa kivutio cha pembeni, kabla ya watalii kwenda kwenye maporomoko ya maji.

Hitimisho

Ifikapo Desemba barabara za kupanda Rombo, Marangu, Kibosho na Machame hujaa magari. Watu wanarudi kihambani. Nyumba kubwa za vigae, zilizofungwa miezi kumi na moja, zinafunguliwa, mapazia yanakung'utwa, mbuzi anachinjwa. Sebule zinajaa. Lakini ukitaka kujua familia iko wapi hasa, zunguka nyuma. Utawakuta wamejibana kwenye jiko la uani, watoto kwa wazee, wamekaa kwenye vigoda kuzunguka mafiga, wakila ndizi na kucheka, na moshi unawatoa machozi. Hakuna aliyewaambia waje pale. Nyumba mpya iliyafukuza mafiga, watu wakayafuata.

Kwangu mimi huo ni ushahidi kwamba matini ya msonge hayajafutika. Yamebaki katika miili ya watu, kama ngano inavyobaki kwa mtu aliyesahau nani alimsimulia. Na kama ni hivyo, kazi yetu wanafunzi wa fasihi iko wazi. Kila mmoja wetu anayerudi nyumbani likizo, awe wa Kilimanjaro, Bukoba, Dodoma au Unguja, amkalishe mzee mmoja amuulize majina ya sehemu za nyumba: jina la nguzo ile, jina la upande ule wa kitanda, jina la dari, jina la pete ya kwanza ya fito. Kila lahaja ya Kichagga ina majina yake, na mafundi wanaoyajua wanazidi kupungua. Tuyaandike kama tunavyoandika methali.

Na mafundi wa nyumba mpya, ambao baadhi yao ni kaka zetu walioko vyuo vya ufundi na vya usanifu, tuwaulize swali la kihakiki kabla hawajachora ramani: mafiga yatakaa wapi? Wakijibu kwamba yatakaa uani, kama kawaida, basi tuwaombe watuonyeshe pia mahali atakapokaa mama.